Kadi ya chanjo ikipotea ukimbizini
Huenda jirani yako mpya mtaani ni familia iliyokimbia vita Somalia au Kongo. Watoto walifika salama, lakini kadi zao za kliniki zilipotea njiani. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akichanjwa tena atadhurika. Hofu hiyo haina msingi. Kurudia chanjo ya surua, yaani ukambi, hakumdhuru mtoto mwenye afya. Hatari ni kutochanjwa, kwani surua huleta nimonia na kuhara kunakoweza kuua. Nchini Kenya chanjo hii hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Aliyepita umri huo bado huchanjwa. Msindikize jirani yako kliniki. Wanawe wakikingwa, wako pia hupata kinga zaidi.