Sanamu Katika Nyumba za Serikali: Nani Huchaguliwa, na Nani Huchagua?

Mtu wa Entarara, au wa mahali po pote katika Kajiado, aendaye Nairobi kwa shughuli zake, akipita penye uwanja wa Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta ataona sanamu kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, ameketi kitini. Fundi wake alikuwa Mwingereza, James Butler, nayo ni ya 1973, mwaka ule ule jumba lilipofunguliwa. Watu huitazama, hupigwa picha mbele yake, kisha huenda zao. Wachache tu huuliza sanamu ya mtu huingiaje katika nyumba ya Serikali, na ni nani mwenye amri ya kusema kwamba fulani astahili na fulani hastahili.

Swali hilo si dogo. Sanamu iliyo katika shamba la mtu ni mali yake, na asiyeipenda aweza kupita njia nyingine. Lakini sanamu iliyowekwa katika nyumba ya Serikali husema kwa niaba ya raia wote, hata wa yule ambaye babu yake alidhulumiwa na huyo aliyechongwa.

Nchi iliyolijibu swali hilo kwa sheria iliyo wazi ni Marekani. Katika jumba la bunge lao, mjini Washington, palikuwa na ukumbi wa zamani wa Baraza la Wawakilishi, ambao wabunge waliuhama mwaka wa 1857. Mwaka wa 1864 ilitungwa sheria ya kulialika kila jimbo kupeleka humo sanamu mbili, za marumaru au za shaba, za raia wake waliokwisha kufa na waliopata sifa kwa matendo yao. Sanamu ya kwanza ilifika mwaka wa 1870, na ya mia mwaka wa 2005. Zilipokuwa zikiongezeka, uzito wake ulianza kuwatia wahandisi hofu kwa ajili ya sakafu, hata mwaka wa 1933 ikaamuliwa kwamba ukumbi ule ubaki na sanamu moja tu ya kila jimbo, na nyingine zitawanywe katika vyumba na njia za jumba hilo.

Sharti la kwamba mtu awe amekwisha kufa lina maana yake. Aliye hai aweza kuiagiza sanamu yake mwenyewe, na waliomzunguka wakaogopa kukataa.

Tena sheria haikukoma hapo. Mwaka wa 2000 majimbo yalipewa ruhusa ya kuibadilisha sanamu iliyokwisha kusimama miaka kumi, mradi baraza la jimbo lipige kura, Gavana aidhinishe, na gharama zote zilipwe na jimbo lenyewe. Kwa njia hiyo jimbo la Florida liliiondoa sanamu ya Edmund Kirby Smith, jenerali wa majeshi ya kusini yaliyopigana vita vya 1861 hadi 1865 ili utumwa uendelee. Mahali pake, Julai 2022, pakawekwa Mary McLeod Bethune, mwanamke Mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Bibi huyo alianzisha shule ya wasichana Daytona mwaka wa 1904 akiwa na dola moja na nusu, na shule hiyo hatimaye ikawa chuo kikuu. Yeye ndiye Mweusi wa kwanza kuingia katika hesabu ya sanamu za majimbo. Kazi hiyo ilichukua miaka kadha, lakini kila hatua yake iliandikwa, na kila aliyepiga kura ajulikana.

Nchini Kenya sanamu zimekuja na kuondoka kwa namna nyingine. Sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, ilisimama Nairobi katika njia iliyoitwa kwa jina lake, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Baada ya Uhuru iliondolewa, ikapelekwa Soysambu, shamba la jamaa yake. Sanamu ya Malkia Victoria, iliyotolewa na tajiri A. M. Jeevanjee na kufunuliwa mwaka wa 1906, ilibaki katika bustani yake hadi mwaka wa 2015, ilipovunjwa kichwa. Aliyefanya hivyo hakuomba kibali kwa mtu.

Habari ya Dedan Kimathi yaonyesha zaidi. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, akazikwa gerezani Kamiti pasipo alama. Mau Mau walikuwa wamepigwa marufuku tangu 1950, na jambo la kustaajabisha ni kwamba marufuku hiyo haikuondolewa ila mwaka wa 2003, miaka arobaini baada ya Uhuru. Serikali haikuweza kumchonga mtu ambaye chama chake bado kilikuwa haramu kwa sheria zake yenyewe. Ndipo tarehe 18 Februari 2007, siku ilipotimia miaka hamsini tangu kufa kwake, Rais Mwai Kibaki akaifunua sanamu yake. Nayo haikuwekwa ndani ya nyumba ya Serikali bali njiani, kama ile ya Tom Mboya iliyofunuliwa Oktoba 2011 karibu na mahali alipouawa mwaka wa 1969. Mwaka wa 2014 ilitungwa Sheria ya Mashujaa wa Kenya, yenye kuunda baraza la kuwapima wanaostahili heshima ya taifa.

Kajiado imekuwa na serikali yake ya kaunti tangu 2013, na nyumba za serikali hiyo nazo zina kumbi na kuta. Kabla ya kuuliza achongwe nani, yafaa kukumbuka kwamba Wamasai walikuwa na desturi yao katika jambo hili. A. C. Hollis, ofisa wa Serikali ya kikoloni aliyechapisha habari zao mwaka wa 1905, aliandika kwamba laiboni au mtu tajiri alipokufa alizikwa kwa mawe juu yake, na kila apitaye hapo alitupa jiwe moja zaidi. Wengine, kama vijana na wanawake, hawakuzikwa, na majina yao hayakutajwa tena na jamaa zao. Hivyo ukumbusho wa mkubwa haukujengwa kwa siku moja na kufunuliwa kwa ngoma. Uliongezeka kwa mikono ya wapita njia, na pasipo wapita njia haukuongezeka.

Majina matatu ya Kimasai yamepata ukumbusho mkubwa kuliko sanamu yo yote, yaani vilele vya Mlima Kenya: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Lenana, mita 4,985. Vyote viliitwa hivyo kwa heshima ya ukoo wa laiboni Mbatian, na Mackinder, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kufika juu mwaka wa 1899. Wamasai hawakuulizwa.

Huyo Lenana, au Olonana kwa jina lake hasa, ndiye mfano wa ugumu wa kuchagua. Alikubali mapatano ya 1904, ambayo kwayo Wamasai waliondoka Bonde la Ufa kwa ahadi kwamba Laikipia na hifadhi ya kusini zingekuwa zao muda wote kabila lao liwapo. Alikufa Machi 1911, na mwezi uliofuata mapatano mengine yakatiwa sahihi ya kuwahamisha watu wa Laikipia pia. Waingereza walisema kwamba ndiyo yaliyokuwa mapenzi yake alipokuwa akifa. Wako wanaomhesabu kuwa mlinzi aliyeokoa watu wake vitani na tauni, na wako wanaomhesabu kuwa aliitoa nchi. Aliyeupinga uhamisho ule alikuwa Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko. Shauri likapelekwa mahakamani, likatupwa mwaka wa 1913 kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa kama ya dola mbili, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Ole Gilisho hana kilele.

Kwa kanuni ya Washington ya sanamu mbili, wanaume hao wangeweza kusimama katika ukumbi mmoja, na msomaji akapewa habari za wote wawili. Kwa desturi ya Nairobi ya kuweka mmoja mmoja, mmoja wao angengoja.