Chapo Ndengu Kwanza, Chai Ingoje

Mi nasukanga watu nywele Kayole. Ni jobo ya kusimama: unaingia saa mbili asubuhi, msee wa kwanza anataka rasta za kiuno, na ukikuja kukaa chini jua limeshapoa. Kwa hivo mwaka jana miguu ilipoanza kuniangusha nilisema ni kazi tu. Naishi gorofa ya tano na hakuna lifti. Nilikuwa nafika ya tatu nashika ukuta, moyo unapiga ni kama nimekimbizwa na kanjo kutoka Muthurwa.

Halafu kulikuwa na odowa. Dem yeyote amekulia mtaa anaijua, ile mawe laini ya kijivu inauzwa kwa kiosk kando ya njugu. Nilianza na kipande moja baada ya lunch. Kufika mwezi wa nane namaliza karatasi tatu kwa siku, na mvua ikipiga vumbi mate inajaa mdomo juu ya ile harufu peke yake. Mabeshte wa saluni wakaanza kunicheki tumbo. Odowa watu wanajuanga ni ya msee ako na ball, na mi sikuwa na ball.

Nikaenda kupimwa. Kidole ikadungwa, tone moja ya damu ikawekwa kwa kamashine, namba ikatokea: 8.4. Shirika la Afya Duniani linahesabu mwanamke mzima asiye na mimba kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 12. Mwanaume ni chini ya 13. Yule daktari, mathe mpole wa rika ya mamangu, aliniambia hiyo tamaa ya udongo ni dalili inajulikana kitambo, na kuna watu inawashika kwa barafu badala ya mawe. Halafu akaniuliza kitu sikuwa nimetarajia.

"Msichana wangu, chai unakunywanga saa ngapi?"

Nikamwambia ukweli. Asubuhi na mandazi, saa saba na chapo ndengu, jioni na chenye kimepatikana. Vikombe nne, siku ya baridi tano. Akaweka kalamu chini.

Iko hivi. Mwili inatumia madini ya chuma kutengeneza hemoglobini, ile kitu inabeba oksijeni ndani ya damu. Kwa dishi zetu chuma iko aina mbili. Ile ya nyama, maini na samaki inaingia bila maneno mob. Ile ya ndengu, madondo, managu na unga iko, lakini inataka kubembelezwa ndio iingie. Sasa majani chai iko na tanini. Ukishawahi kunywa strungi nzito ukasikia ulimi imekauka, hiyo ndio tanini. Ikikutana na chuma ya ndengu huko tumboni zinashikana, na zikishashikana mwili hauwezi zitenganisha, zinapitiliza tu. Kikombe moja na chakula inaweza kata zaidi ya nusu ya chuma ungepata kwa hiyo sahani. Kahawa inafanya hivo pia, ila haifikii chai. Na maziwa haikuokoi, juu kalsiamu yake nayo inazuia chuma kiasi.

Hapo ndio iliniuma, juu mi sikuwa nadishi vibaya. Sikuwa msee wa chipo na soda kila siku. Ndengu ni dishi ya maana, mamangu amenilea nayo. Shida ilikuwa kenye nilikuwa nashushia.

Na ile chai ya kibanda nakulianga lunch ina nguvu yake. Mathe wetu anabandika sufuria saa kumi na moja asubuhi: maji, maziwa, majani ngumi mbili, sukari. Inachemka, inahamia kwa flaski, ingine inabaki kwa jiko ya makaa mpaka lunch. Saa saba rangi imeshakuwa kama udongo ya Murang'a. Majani ikikaa kwa moto hivo tanini inazidi kutoka. Naipenda hiyo chai, na bado naikunywa. Kenya chai ni njia ya kukaribishana, na kumwambia msee wa mtaa aache chai ni kumwambia asitembelee watu.

Kenye nilibadilisha ni saa tu. Nadishi kwanza, naenda nasuka, chai inakam baadaye, saa moja ikishapita, mbili zikiwezekana. Asubuhi naachia mandazi na chai zikae pamoja. Lakini sahani ya ndengu, madondo, managu ama terere, hiyo inapewa nafasi yake.

Dawa nyingine ilikuwa hapo hapo kwa meza siku zote, ndani ya kale kabeseni ka plastiki: kachumbari. Nyanya mbichi, dhania, pilipili, ndimu imekamuliwa juu. Vitamini C inashika ile chuma ngumu inaigeuza iwe rahisi kuingia, hata inapunguza ubaya wa tanini. Lazima iwe mbichi, juu moto inaharibu vitamini C, ndio maana nyanya ya kukaangwa haifanyi kazi sawa. Na lazima ikuwe kwa hiyo sahani. Chungwa ya jioni haisaidii ndengu ya mchana. Kama maji ya kibanda chako haikupi amani, beba ndimu yako ama malizia na chungwa umemenya mwenyewe. Nikiwa na doo kidogo naongeza omena kwa sukuma, juu samaki haiji tu na chuma yake, inasaidia hata ile ya mboga iingie.

Mathe wa kibanda mwenyewe ananipiga tafu bila kujua. Madondo yake inalala kwa maji usiku mzima, asubuhi anamwaga hayo maji. Anasema ni ya kuzuia gesi, lakini pia inapunguza faiteti, ile kitu ya mbegu na nafaka inashika chuma kama vile tanini inafanya.

Kuna hesabu ingine hainipi amani. Dem wa umri wangu anahitaji karibu miligramu 18 za chuma kila siku, mwanaume ni 8, na sababu kubwa ni hedhi. Kwa hivo mi na morio wa boda tunakaa benchi moja pale kibanda, sahani sawa, chai sawa, bei sawa, na ni mimi naishiwa. Hakuna mtu aliniambia hiyo shule. Tulifundishwa mapishi, tukafundishwa hedhi, na hizo mbili hazikuwahi kuwekwa pamoja.

Lakini nisikudanganye, ndimu haitoi mtu 8.4. Nilipewa tembe za chuma, na nilizimeza miezi tatu. Choo inakuwa nyeusi, hiyo ni kawaida, na tumbo inaweza kufunga. Hazimezwi na chai, wala maziwa, wala dawa ya asidi. Zinakaa juu ya kabati, mbali na watoi, juu zikimezwa mob zinaweza ua mtoto mdogo. Na usizinunue kwa kubahatisha. Damu inaweza kupungua juu ya minyoo, malaria, selimundu, ama kitu inavuja ndani bila wewe kujua. Chuma ikizidi, mwili hauna njia ya maana ya kuitoa. Pima kwanza. Bei ya hicho kipimo ni ndogo kuliko ya chupa ya vitamini za mtandao.

Hizo chupa ndio zinanifanya niandike hii kitu. Kila wiki dem anakaa kwa kiti yangu, nywele za mbele zimeisha, anatoa simu ananionyesha gami za nywele. Ameziagiza, zimekula thao mbili, amekula miezi miwili na bado zinakatika. Mob ya hizo gami ni biotini. Biotini iko kwa mayai ya kupikwa na njugu, na kuikosa kabisa ni nadra sana. Ukimeza nyingi inaweza hata kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, kama vya tezi ya shingo na vya moyo, kwa hivo ukienda kupimwa sema unazimeza. Na huyo dem nikimuuliza kama anachoka, kama anapanda ngazi akihema, kama anatafuna odowa, mara mob anainua macho kwa kioo ananicheki. Huwa namwambia mambo mawili. Aende apimwe damu. Na mimi sitamvuta hizo rasta za mbele, hata akilia anataka zishike, juu nywele zingine tumezing'oa sisi wenyewe na hizi mikono.

Bitiruti nayo watu wanaamini inaongeza damu, juu ya rangi yake. Kunywa kama unaipenda, ni mboga fiti, lakini gramu 100 haifikishi hata miligramu moja ya chuma. Ndengu iliyopikwa, kiasi hicho hicho, inaipita. Na unga ya paketi usiidharau, juu tangu 2012 sheria ya Kenya inataka iongezwe chuma, zinki na vitamini. Ile ya posho mill ni tamu, naipenda, lakini hiyo nyongeza kwa kawaida haina.

Siku ya kwanza nilimwambia mathe wa kibanda, "Mathe, chai niwekee kwa flaski, nakam saa tisa." Akasimama na kikombe kwa mkono.

"Kwani chai yangu imekukosea nini, mami?"

Nikamweleza yote, nimesimama na sahani. Alisikiza bila kunikata. Halafu akageukia dem mmoja anauzanga soksi, ako na ball ya miezi sita, alikuwa ndio anaanza madondo na kikombe iko karibu kufika mdomo. Mathe akaichukua polepole akaifunika na sosa. "Kula kwanza, mama. Hii nitakupashia."

Mwezi wa pili nilirudi kliniki, nikapata 11.6. Bado kidogo kufika, ila gorofa ya tano napanda bila kushika ukuta. Na juzi nikitafuta chaja kwa mkoba, kidole ikagusa kipande ya odowa imebaki huko chini kutoka mwaka jana. Nikaisugua, nikailamba kidogo. Ilikuwa udongo.