Mchanga Ndio Nyumba, Mchanga Ndio Jiko

Maji ya ufukweni yametulia. Chini yake mchanga ni tambarare, hauonyeshi dalili ya kiumbe. Mara shingo ndefu inachomoza polepole, na pua nyembamba kama mrija inagusa uso wa maji. Pumzi moja, kisha shingo inarudi ilikotoka. Mwili umebaki palepale, umefukiwa.

Huyo ni kobe wa gamba laini wa Zambezi, Cycloderma frenatum, aliyeelezwa kisayansi na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854. Frenatum maana yake ni aliyetiwa hatamu, kwa ajili ya michirizi myeusi iliyopita kichwani mwake. Tanzania yumo Ziwa Nyasa na katika mito ya Rufiji na Ruvuma. Makazi yake yanaendelea hadi Malawi na Msumbiji.

Mgongo wake, unaoweza kufikia sentimita 56, hauna vigae vigumu kama vya kobe wa nchi kavu. Mifupa imo ndani, juu ni ngozi tupu, na kingo zake hupinda. Ulaini huo ndio silaha yake: mwili bapa hauhitaji shimo refu. Hujitikisa kidogo tu, mchanga ukamfunika.

Mchanga huohuo ndio jiko lake. Huufukua kwa miguu ya mbele na kuupekua kwa pua, akitafuta konokono na kome, ambao taya zake pana huwaponda pamoja na magamba yao. Hula samaki pia. Konokono wengine wa maji baridi hueneza kichocho, kwa hiyo mla konokono si kiumbe wa kupuuzwa.

Hata mayai yake hufukiwa mchangani, kando ya maji. Kwa kobe huyu, ufuko ukiharibika, nyumba, jiko na kitanda cha watoto vimekwenda pamoja. Kingo za maji zikifyekwa, mvua hushusha tope na kuufunika mchanga safi.

Mwaka 2016 mkataba wa CITES uliweka masharti kwenye biashara yake ya kimataifa. Ni hatua njema, lakini mkataba huo humlinda mpakani, si mtoni. Mvuvi anayemkuta wavuni akamrudisha majini ameokoa kobe mmoja. Kijiji kinachoacha matete yasimame kingoni kimewatunzia wote makao yao.