X nyekundu, X ya kijani: nani analipwa fidia?

Kwa msikilizaji wa Msasani na kata jirani mwenye nyumba kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Kasumulu: ukikuta ukuta wako umeandikwa X, angalia kwanza rangi.

Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara.

X nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi. Utatakiwa kubomoa, na hulipwi.

X ya kijani ni ya yule aliyefuatwa na barabara: alijenga kihalali kabla ya sheria hiyo, kati ya mita 22.5 na 30. Huyu anastahili fidia eneo lake likihitajika. Aliyejenga hapo baadaye hana haki hiyo.

Uulize wapi? Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Za mitaani na vijijini ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Kama swali ni kiwanja kimepangwa kwa makazi au biashara, nenda Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, kwa watu wa ardhi na mipango miji.

Kabla ya kununua kiwanja, pima kwa futikamba kutoka katikati ya barabara. Tunza hati, kibali cha ujenzi na risiti. Ukiandika barua ya malalamiko, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Siku ya tathmini, karatasi hizo ndizo zitakazokutetea.