Patasi ya Tupa Kuukuu: Moto wa Pili Usisahauliwe

Seremala asiye na fedha za kununua patasi mpya aweza kuifanya kwa tupa kuukuu, au kwa kipande cha springi ya motokaa, kama wafanyavyo wahunzi wa Gikomba, Nairobi. Kufua si shida kubwa. Shida ni moto wa mwisho, ambao wengi huukosea, na patasi huvunjika siku ya kwanza. Tena kipande kirukacho chaweza kupofusha jicho.

Si kila chuma hushika ugumu. Nondo za kujengea hazifai, kwa kuwa kaboni iliyomo ni haba. Tupa ni ngumu mno kuchongwa, basi kwanza ilegezwe: ipashwe moto hata iwe nyekundu, ifukiwe katika majivu, ilale humo usiku kucha.

Patasi ikiisha kupata umbo lake, irudishwe motoni penye kivuli, maana juani wekundu wa chuma hauonekani vema. Kipimo rahisi ni sumaku, nayo hupatikana ndani ya spika mbovu ya redio. Joto likifika kadiri ya digrii 770 za Selsiasi, sumaku haishiki tena. Moto uongezwe kidogo tu, kisha patasi izamishwe upesi, wima, makali yakitangulia, katika kopo la bati lenye mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu. Oli chafu ya injini haifai, kwani moshi wake hudhuru. Mafuta yakiwaka, kopo lifunikwe kwa bati. Yasimwagiwe maji kamwe.

Sasa tupa nyingine ikipitishwa juu ya makali huteleza. Hapo ndipo wengi hufurahi na kuacha kazi, kumbe chuma hicho ni kama kioo. Hapana budi kipate moto wa pili, ulio mdogo. Patasi isuguliwe kwa msasa hata ing'ae, kisha upande wa mpini uwekwe juu ya chuma kingine chekundu, makali yakiwa mbali. Rangi zitaonekana zikitembea polepole: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Mara manjano yafikapo kwenye makali, patasi itiwe majini. Shoka, kwa kuwa hupigwa kwa nguvu, lingoje zambarau. Buluu ikifika kwenye makali ya patasi, ugumu umepungua, na kazi ianze upya.

Mwenye oveni hana haja ya kuvizia rangi: digrii 200 kwa saa moja, mara mbili, zatosha.