Skrini ya kuingia

Skrini ya kuingia ni sehemu ya mfumo endeshi wa kompyuta inayomtaka mtumiaji ajitambulishe, kwa kawaida kwa jina na nenosiri, kabla ya kufungua akaunti yake. Kwa kuwa huonwa na yeyote aliye mbele ya kompyuta, hata asiye na akaunti, yanayoonyeshwa hapo yanahusu faragha.

Historia

Manenosiri ya kompyuta yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani, ambapo watu wengi walitumia kompyuta moja. Mwaka 1966 hitilafu ilichanganya mafaili mawili: kila aliyeingia alioneshwa manenosiri ya watumiaji wote badala ya ujumbe wa siku. Baadaye Windows XP (2001) ilileta ukurasa wa makaribisho wenye majina na picha za wenye akaunti.

Taarifa zinazofichuka

Skrini hiyo inaweza kuonyesha orodha ya watumiaji, jina la aliyeingia mwisho, kidokezo cha nenosiri na arifa za ujumbe. Anayeona jina hubaki na kazi ya kubahatisha nenosiri tu. Mahali ambapo watu wanafahamiana, kwa mfano kisiwa kidogo kama Songo Songo katika Wilaya ya Kilwa, kompyuta moja ya shule au ofisi inaweza kumwambia kila apitaye nani aliitumia mwisho.

Mipangilio

* Windows: katika matoleo ya Pro, sera za usalama za kompyuta huruhusu kutoonyesha jina la aliyeingia mwisho.
* macOS: msimamizi huchagua nafasi za kuandika jina na nenosiri badala ya orodha ya watumiaji.
* Linux: GNOME hutumia kipengele disable-user-list, na LightDM hutumia greeter-hide-users, vyote huwekwa "true".

Arifa huzimwa katika mipangilio ya skrini iliyofungwa. Anayeondoka kwa muda hufunga skrini kwa kubonyeza vitufe vya Windows na L pamoja. Kwa kompyuta ya mtu mmoja nyumbani, kuficha jina kuna faida ndogo. Nenosiri imara ni muhimu zaidi.

Mipaka

Skrini ya kuingia hailindi diski yenyewe. Mtu anaweza kuichomoa na kuisoma kwa kompyuta nyingine, isipokuwa imesimbwa kwa programu kama BitLocker, FileVault au LUKS.

Sheria nchini Tanzania

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Kwa hiyo kwa shule, zahanati au ofisi, mipangilio hii ni sehemu ya wajibu huo.