Tukiwa ibadani, fundi wetu yuko wapi?

Kama umetoka ibada ya kwanza, au unajiandaa kwenda ya pili, naomba leo tutafakari habari za mtu ambaye huenda hukumwona kanisani: fundi wako.

Pita Jumapili asubuhi pale Maganzo, mji mdogo ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu. Kwaya zinasikika, lakini kando ya barabara kuu iendayo Mwanza pikipiki zimefunguliwa injini, cheche za kuchomelea zinaruka, na cherehani hazijanyamaza. Ukiuliza sababu, jibu ni fupi: Jumapili ndiyo siku wateja wana nafasi.

Je, fundi huyu anatenda dhambi? Tusikimbilie kuhukumu. Mwajiriwa anayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema asifanye kazi zaidi ya siku 6 kwa wiki, apate mapumziko ya angalau saa 24, na akiitwa kazini katika saa hizo alipwe mara mbili. Fundi aliyejiajiri hana wa kumlipa hata mara moja. Akifunga banda, hakuna kinachoingia, na kodi ya banda haina Jumapili.

Hata hivyo, Maandiko yanamfahamu fundi. Katika Kutoka sura ya 31, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho wake, awe stadi wa dhahabu, shaba, mbao na kukata vito, ili hema takatifu lijengwe. Soma sura hiyo hadi mwisho. Mara tu baada ya kugawa kazi, Mungu anazungumzia Sabato. Hata kazi ya kumjengea Mungu haikuwa kibali cha kutopumzika. Ikiwa hema la Bwana liliweza kusubiri, geti la mtu litashindwaje?

Sisi tunaokusanyika Jumapili tunaadhimisha siku aliyofufuka Bwana. Mwaka 321, Kaisari Konstantino aliagiza mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku hiyo, lakini akawaruhusu wakulima kwenda shamba wasije wakapitwa na msimu. Unaona kwamba mjadala huu ni wa zamani, na kwamba tangu hapo riziki ya mtu ilikuwa inafikiriwa.

Kinachomtoa fundi ibadani mara nyingi si dharau, ni hofu. Anaogopa kwamba mteja akikuta banda limefungwa ataenda kwa jirani na hatarudi. Mchimbaji mdogo naye anaogopa kuacha shimo siku moja, mwenzake asije akaokota jiwe lililokuwa bahati yake. Waisraeli nao walikuwa na hofu hiyo jangwani. Waliambiwa waokote mana ya siku mbili siku ya sita, lakini wengine wakatoka siku ya saba na hawakukuta kitu (Kutoka 16:27). Ndugu yangu mchimbaji, almasi ya Mwadui ilikaa ardhini mamilioni ya miaka kabla John Williamson hajaigundua mwaka 1940. Haitakimbia kwa sababu umekwenda kusali.

Tazama pia majirani zetu Wasabato. Fundi Msabato hufunga Jumamosi, siku yenye biashara kubwa, na mteja wake amezoea kupeleka kazi mapema. Mteja hufundishika.

Lakini sasa, mpendwa, nigeukie upande wetu sisi tuliokaa kwenye mabenchi. Amri ya Sabato haikuishia kwa mwenye nyumba. Inamtaja mtumishi wake, mnyama wake, hata mgeni aliye malangoni mwake. Kumbukumbu la Torati 5 inatoa na sababu: mtumishi apumzike kama wewe, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa Misri. Maana yake, pumziko langu halijakamilika kama nimelinunua kwa jasho la mwingine.

Tuseme kwaya imepeleka vitambaa vya sare kwa fundi Alhamisi, na inataka kuvaa Jumapili. Fundi anakesha Jumamosi, asubuhi anashona vifungo. Kwaya inapendeza madhabahuni, fundi amelala juu ya cherehani. Nani amevunja amri hapo? Au wewe unayeacha pikipiki kwa fundi ukienda ibadani, ukitaka uikute tayari baada ya baraka. Au yule anayedaiwa tangu mwezi uliopita, huku akishangaa fundi haonekani jumuiya. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijazama. Tungelipa Jumamosi, wengi wangefunga Jumapili.

Nawe fundi, usijifiche nyuma ya wateja. Ukipokea malipo ya awali ya kazi kumi ukiwa na uwezo wa tano, Jumapili yako umeiuza mwenyewe. Paulo alikuwa fundi wa mahema huko Korintho, tena aliyejitegemea, lakini kila Sabato alikuwa sinagogi (Matendo 18:3-4). Mikono ile ile ilifanya kazi, na ilijua kuacha.

Dharura zipo. Yesu aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani hatamtoa siku ya Sabato (Luka 14:5). Pampu ya maji ya kijiji ikiharibika, au bodaboda iliyombeba mama mjamzito ikipasuka tairi, fundi aamke, na huo ni upendo. Lakini tusikiite kila kitu ng'ombe kisimani. Na yule ambaye akifunga leo watoto watalala njaa, tusimnyooshee kidole. Tumtembelee na chakula, kisha tumpe kazi Jumatatu.

Basi wiki hii fanya jambo moja. Mlipe fundi unayemdaiwa, ukimpelekea kazi mwambie ataimaliza Jumatatu, kisha mkaribishe mkae benchi moja Jumapili ijayo. Huenda hajakosa imani. Amekosa tu mteja wa kumwambia apumzike.

Mungu akubariki, na akulindie kazi ya mikono yako. Jumapili njema.